Programu ya kuweka manukuu kwenye video fupi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya, kuhusu programu za kuandika kwenye picha maneno yanayosemwa (ndiyo manukuu), ni ya anayetengeneza video za Kiswahili za sekunde 15 hadi dakika 3 kwa ajili ya TikTok, Reels, Shorts au Status ya WhatsApp: muuza mitumba, mpishi, mhubiri, mwalimu wa tuisheni, bwana shamba. Kazi yangu ni kuhariri video za watu wa aina hiyo Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku, na upendeleo wangu hautajificha.

Programu ipi ni bora kuliko zote?

Kama unatafuta inayosikia Kiswahili na kukiandika bila kosa, hiyo bado haijatengenezwa. Ndiyo maana sichagui programu kwa usikivu wake peke yake. Nachagua kwa urahisi wa kuisahihisha. Iache iandike, kisha gonga neno moja lililokosewa. Je, linabadilika hapo hapo na muda wake unabaki vilevile, au sentensi nzima inavurugika? Unaweza kukata mstari mmoja ukawa miwili? Kuunganisha miwili ikawa mmoja? Ukimaliza, unaweza kutoka na faili la maandishi ukaenda nalo kwingine? Programu inayofaulu hapo, hata kama inakosea neno moja kati ya manane, utamaliza nayo kazi mapema kuliko ile inayokosea kidogo lakini kila sahihisho linakuzungusha kwenye menyu tatu.

Herufi zinazodunda na rangi zinazowaka zije mwisho kabisa.

Kuna haja gani ya manukuu wakati sauti inasikika?

Inasikika kwako uliyerekodi. Anayetazama yuko kwenye daladala bila hedifoni, au yuko kwenye foleni benki, au ni kiziwi, au wewe unaongea kama mtu wa Pemba na yeye amekulia Mwanza.

Nichome manukuu ndani ya video, au niweke faili pembeni?

Ukiyachoma, yanakuwa sehemu ya picha. Mtazamaji hawezi kuyazima, hayategemei mipangilio ya simu yake, na video ikipakuliwa na kurushwa kwenye magrupu yanakwenda nayo. Status ya WhatsApp haina mahali pa kupakia faili la manukuu, kwa hiyo huko kuchoma ndiyo njia pekee. Ubaya wake ni mmoja: kosa likishaingia, limeingia.

Manukuu ya faili hukaa nje ya picha na mtazamaji huyawasha au kuyazima. Faili lenyewe ni maandishi matupu ambayo hata Notepad inayafungua. La aina ya SRT, ambalo hukubaliwa karibu kila mahali, liko hivi:

1
00:00:01,200 --> 00:00:04,600
Sufuria ikishapata moto,
weka mafuta vijiko viwili.

2
00:00:04,800 --> 00:00:08,000
Usiweke kitunguu kwanza,
mafuta hayajapata moto.

Namba ya kipande, muda wa kutokea na wa kuondoka, kisha maneno. Basi. Ukiuelewa muundo huu hutaogopa tena programu yoyote, maana zote chini yake zinafanya hivi hivi. Angalia mkato kabla ya milisekunde: SRT hutumia mkato, na ndugu yake WebVTT hutumia nukta, na ukivichanganya faili linaweza kukataliwa bila maelezo ya maana. YouTube hupokea zote mbili, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha za kuwekea faili. Facebook inataka jina la faili libebe alama ya lugha na nchi, mfano pilau.sw_KE.srt.

Ninavyofanya mimi: natengeneza SRT kwanza, naisahihisha mpaka niridhike, ndipo nachoma nakala ya TikTok na Status. YouTube naipelekea video safi na faili lake. HandBrake inachoma SRT bure kwenye kompyuta. Kabla ya kuchoma, weka video na SRT kwenye folda moja kwa jina moja, fungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, utaona manukuu yakipita juu ya picha kama mtazamaji atakavyoyaona.

Tangazo linasema programu ina lugha zaidi ya mia. Kiswahili kimo?

Kimo, lakini kwenye orodha ipi? Programu hizi huwa na orodha tatu tofauti. Ya kwanza ni lugha za menyu. Ya pili ni lugha inazoweza kutafsiri kutoka maandishi kwenda maandishi, na hii ndiyo ndefu, ndiyo inayowekwa kwenye tangazo. Ya tatu ni lugha inazoweza kusikia na kuandika. Hii ya tatu ndiyo unayoitaka, na mara nyingi ndiyo fupi kuliko zote. Bonyeza kitufe cha manukuu ya moja kwa moja, fungua orodha ya lugha inayosemwa kwenye video, tafuta Kiswahili hapo. Usiamini ukurasa wa mauzo.

Kisichokuwemo kwenye orodha hiyo usikilazimishe. Kuna wanaochagua Kiingereza wakitumaini mashine itajitahidi. Itajitahidi kweli: itakuandikia Kiingereza cha ajabu kinachofanana kwa mbali na ulichosema.

Kwa nini mashine inakosea Kiswahili kiasi hiki?

Kwa sababu ilikisikia kidogo. Chukua Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022 na ambayo inaendesha programu nyingi ndogo za manukuu zenye majina mbalimbali. Ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, saa 117,000 ni za lugha nyingine 96 mbali na Kiingereza, na hata hizo hazikugawanywa sawa. Lugha za Ulaya zilichukua mafungu makubwa na Kiswahili kikaambulia chembe. Hali inabadilika. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao watu husoma sentensi na kuchangia sauti zao, ulianza kazi kubwa ya Kiswahili mwaka 2021, na Mei 2023 Meta ilitoa mfumo wa kutambua sauti wa lugha zaidi ya 1,100. Ila sauti inayofunzwa nayo mara nyingi ni ya mtu anayesoma taratibu chumbani, na wewe unarekodi Kariakoo saa sita mchana na muuza maji anapita nyuma yako.

Makosa yenyewe yana tabia zake, na ukizijua unajua pa kuangalia.

Herufi H ndiyo hatari kubwa. Wengi wetu tunaiacha tukiongea, na mashine nayo huiongeza au huidondosha bila mpango. "Hawezi" likiwa "awezi" msomaji atacheka tu. Lakini kwenye video ya afya, "ana sukari" ikiandikwa "hana sukari" umegeuza maana kichwa chini, na sentensi bado imenyooka kiasi kwamba jicho linapita bila kushtuka. Kila penye "ana", "ina", "wana" na "zina", sikiliza upya.

L na R zinafuata. "Nenda kapige kura" ikitoka "nenda kapige kula", watu wataihifadhi picha hiyo na utaiona kwenye magrupu mpaka uchaguzi ujao.

Bei ni eneo jingine. "Laki na nusu" inaweza kuandikwa kwa maneno, au ikawa 100,000 na neno "nusu" likaning'inia, au nusu ikapotea kabisa. Mfanyabiashara aliyeonyesha bei ya 100,000 kwenye kitu cha 150,000 atakuwa na siku ndefu. Namba zote mimi nazifuta na kuziandika upya kwa mkono, hata zile zinazoonekana sawa.

Halafu kuna majina ya mitaa na ya watu, na kuna ukimya. Whisper ikikutana na sekunde kadhaa za muziki au kimya, wakati mwingine inabuni maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Kwa hiyo usikague sehemu za maongezi tu. Kagua na zile ambazo hujafungua mdomo.

Anayeongea Kiswahili cha Lubumbashi au Bukavu, chenye Kifaransa ndani yake, atakuta makosa zaidi ya haya. Kwake ningesema moja kwa moja: andika kwa mkono.

Nitajaribuje programu kabla ya kuilipia?

Usijaribu na klipu yako nzuri. Tafuta ya sekunde 30 hadi 40 yenye vitu vinne: bei, jina la mtaa, sentensi iliyochanganya Kiingereza, na mahali ambapo watu wawili wanaongea kwa pamoja. Klipu hiyo hiyo ipitishe kwenye programu mbili au tatu.

Usihesabu makosa peke yake. Washa saa ya simu, sahihisha mpaka maandishi yawe ya kuchapishwa, tazama umetumia dakika ngapi. Hicho ndicho kipimo. Makosa kumi ya herufi moja moja yanarekebishika haraka kuliko makosa matatu ya muda, pale ambapo maneno yanatokea kabla mtu hajafungua mdomo na unalazimika kuvuta kila kipande mbele kwa kidole.

Baada ya hapo jaribu kutoka. Hifadhi video: kuna nembo yao kwenye kona? Ubora umeshushwa? Tafuta kitufe cha kutoa SRT: kipo, au kinakudai malipo? Programu kadhaa zinakuacha ufanye kazi yote bure halafu zinafunga mlango wakati wa kutoka. Afadhali ulijue hilo kwenye klipu ya majaribio kuliko kwenye kazi ya mteja usiku.

CapCut inatosha?

Kwa wengi, ndiyo. Ni ya ByteDance, kampuni ile ile yenye TikTok, inafanya kazi kwenye simu na kwenye kompyuta, na kuhariri maandishi mengi kwa pamoja ndani yake si taabu. Angalizo langu ni kwamba vipengele vyake vina tabia ya kuhama kutoka upande wa bure kwenda wa kulipia, na orodha ya lugha zake hubadilika. Kilichokuwepo kwenye simu ya rafiki yako mwaka jana huenda hakipo kwenye yako leo. Fungua uone mwenyewe. Na hata usipoipata sehemu ya kusikiliza Kiswahili, kuandika kwa mkono ndani yake bado ni kazi inayokwenda.

Manukuu ya ndani ya TikTok yenyewe ni mepesi zaidi, ila yanabaki TikTok. Kama video hiyo hiyo itakwenda sehemu tatu, utarudia kazi mara tatu.

Nina kompyuta lakini bando ni la kubana. Kuna njia?

Ipo, na kwa maoni yangu ndiyo bora kwa mtu mwenye kazi za kila wiki. Whisper ni ya bure na inaendeshwa ndani ya kompyuta yako bila intaneti ukishaipakua. Usiogope habari za kuandika amri. Subtitle Edit, programu ya bure ya Windows, inaweza kuipakua na kuitumia kutoka kwenye menyu yake ya video, kisha inakupa maandishi upande mmoja na picha upande mwingine usahihishe. Kdenlive nayo, ambayo ni programu ya bure ya kuhariri video, ina sehemu ya kugeuza sauti kuwa maandishi kwa Whisper.

Whisper ina saizi kadhaa. Kwa toleo la whisper.cpp, linaloweza kutumia prosesa ya kawaida bila kadi ya picha, faili la saizi ya "small" ni MB 466, "medium" ni GB 1.5 na "large" ni karibu GB 3. Kwa Kiswahili ndogo hazisaidii kitu. Anza na medium, na kama mashine inavumilia nenda large. Kompyuta isiyo na kadi ya picha itachukua muda, video ya dakika moja unaweza kuiacha ukaenda kunywa chai. Ukitaka kutumia kadi ya picha, medium inadai kadi yenye kumbukumbu ya GB 5 hivi na large GB 10.

Jambo moja la kuzingatia: usiiache ikisie lugha. Ikiachwa yenyewe huitambua lugha kwa kusikiliza sekunde 30 za mwanzo, na kwa video fupi iliyoanza na muziki au salamu ya Kiingereza, hizo 30 ndizo karibu video yote. Ichagulie Kiswahili mwenyewe kabla ya kubonyeza.

DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri video, kwa toleo lake la bure inakuruhusu kuandika manukuu kwa mkono na kutoa SRT. Manukuu ya moja kwa moja yamo kwenye toleo lake la kulipia tu.

Sina kompyuta na programu ya simu haisikii Kiswahili. Nifanyeje?

Tumia sauti yako mwenyewe. Kibodi ya Gboard inaandika Kiswahili kwa sauti. Google iliongeza lugha hii mwaka 2017, na kuna chaguo la Kenya na la Tanzania. Cheza video kwenye simu nyingine ukiwa na hedifoni, sikiliza sentensi moja, isimamishe, kisha irudie wewe kwa utulivu, ukitamka kila neno, simu iandike. Mashine inayoshindwa na kelele za sokoni huelewana vizuri na mtu mmoja aliyekaa chumbani. Njia hii inafaa sana pale anayeongea ni mzee, mtoto, au mtu mwenye lafudhi nzito.

Au andika tu kwa vidole. Video ya sekunde 40 ina maneno 80 mpaka 100 hivi. Ni ujumbe mrefu wa WhatsApp, basi. Watu hupoteza jioni nzima wakitafuta programu ya kuwaepusha na kazi ya robo saa.

Maneno mangapi yakae kwenye mstari mmoja?

Hesabu herufi, usihesabu maneno. Hapa ndipo programu nyingi zinapotukosea watumiaji wa Kiswahili, maana zimepangwa kwa lugha ya maneno mafupi: "onyesha maneno matatu kwa mara moja". Kwetu "hatutawarudishia" ni neno moja na lina herufi 16. Weka matatu ya namna hiyo pamoja na ama fonti inasinyaa mpaka haisomeki, ama mstari unamwagika nje ya picha. Tafuta programu inayokuruhusu kuweka kikomo cha herufi. Isipokuwa na hiyo, shusha idadi ya maneno mpaka mawili, halafu rekebisha yaliyobaki kwa jicho.

Netflix, kwa skrini ya televisheni, huruhusu herufi 42 kwa mstari na mistari miwili, na kipande kisizidi sekunde 7. Video ya kusimama kwenye simu haibebi 42. Mimi naishia kati ya 24 na 28, mistari miwili, na sipendi kipande kikae chini ya sekunde moja hata kama ni neno "Haya!" tu. Kwa kasi ya kusoma, herufi 15 kwa sekunde zinamtosha mtu mzima anayesoma huku akiangalia mikono ya mpishi. Anayeongea haraka kuliko hapo, fupisha: toa "yaani", toa "kwa mfano labda", toa yale marudio. Usitoe neno linalobeba maana.

Pa kukata mstari panahitaji sikio. Programu ikiona mstari umejaa inakata popote:

Tunapokea oda kuanzia saa
tatu asubuhi

Mtazamaji anasoma "kuanzia saa" anabaki akining'inia. Ukikata hivi anaimeza mara moja:

Tunapokea oda
kuanzia saa tatu asubuhi

Vivyo hivyo usiiache "ya", "wa", "cha" au "kwa" peke yake mwisho wa mstari. Iende na neno linaloifuata: "bei / ya mchele", wala si "bei ya / mchele".

Yale maandishi yanayoruka neno moja moja katikati ya skrini?

Kwenye kichekesho cha sekunde 10, sawa. Kwenye maelekezo ya dawa, mapishi au mkopo, hapana. Msomaji hawezi kurudi nyuma hata neno moja, na kila sekunde jicho linarushwa. Kama mteja anang'ang'ania, mpe sentensi nzima iliyotulia na neno linalosemwa libadilike rangi tu.

Rangi, fonti na mahali pa kuweka?

Nyeupe yenye ukingo mweusi au kisanduku cheusi nyuma. Miongozo ya kimataifa ya tovuti kwa watu wenye ulemavu, WCAG, inataka utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na kilicho nyuma yake. Njano juu ya ukuta wa krimu haifiki hapo. Kiswahili hakina vialama juu ya herufi, kwa hiyo fonti karibu yoyote inatufaa. Hakikisha tu ile alama ya juu kwenye ng' haijaliwa, ng'ombe asije akawa "ngombe".

Video ya 1080 kwa 1920 usiijaze mpaka chini. Chini kuna jina lako na maelezo ya posti, kulia kuna vitufe vya kupenda na kushea. Pandisha maandishi juu ya robo ya chini, yaache mbali na ukingo wa kulia, kisha yaangalie kwenye simu ndogo kuliko yako.

Tunaongea Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, na vijana wa Nairobi Sheng. Niandikeje?

Kama kilivyosemwa. Ukimsahihisha kijana wa Eastlands akaandikwa kama msoma taarifa ya habari, mtazamaji anasikia hiki anasoma kile, na anakuona wewe ndiye mgeni. Nisichokubali ni tahajia tatu za neno moja ndani ya video moja. Chagua moja ubaki nayo. Programu iliyopewa lugha moja itajikwaa kila lugha inapobadilika katikati ya sentensi, kwa hiyo video za namna hii zipangie muda zaidi wa kusahihisha.

Nataka na manukuu ya Kiingereza. Mashine itafsiri?

Sahihisha Kiswahili kwanza, ndipo utafsiri maandishi yaliyokwisha kunyooka. Ukitafsiri moja kwa moja kutoka kwenye sauti unapanda kosa juu ya kosa. Whisper yenyewe hutafsiri kwenda Kiingereza tu, na toleo lake la haraka linaloitwa turbo halikufunzwa kutafsiri.

Halafu kaa na saa. "Tunafungua saa mbili asubuhi" kwa msomaji wa Kiingereza ni saa 8, na mashine huandika 2. Mteja wa Muscat au Toronto akipiga simu usiku wa manane, kosa si lake. Majina nayo: Mbagala Rangi Tatu inaweza kugeuka rangi tatu za kupaka ukuta, na dada anayeitwa Neema akatafsiriwa kama fadhila za Mungu. "Yeye" wetu hana jinsia, kwa hiyo angalia kama mama mwenye duka hajageuzwa mwanamume kuanzia sentensi ya pili.

Zamani YouTube iliruhusu watazamaji wachangie manukuu ya lugha nyingine. Utaratibu huo ulifungwa Septemba 2020, kwa hiyo mwenye rafiki wa kutafsiri amwombe amtumie faili.

Nimeweka manukuu. Video sasa inawafaa viziwi?

Inawafaa zaidi, kama umeandika na sauti zisizo maneno: [simu inaita], [watu wanacheka], [muziki umezimwa]. Bila hizo kiziwi anaona watu wakigeuka ghafla na hajui kwa nini. Andika pia nani anaongea kama hayuko kwenye picha.

Lakini kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni ya alama, na Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kwa ujumbe wa afya, uchaguzi au maafa, manukuu hayachukui nafasi ya mkalimani. Kwa Tanzania, waulize CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kabla ya kuamua kwa niaba yao.

Video inapakiwa kwenye seva za nje. Kuna shida?

Ya kuuza viatu, hakuna. Ya mgonjwa akieleza historia yake, ya mtoto wa shule, ya mfanyakazi akilalamika kuhusu bosi wake: shida ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa video hizo tumia Whisper ndani ya kompyuta yako, au andika kwa mkono.

Nikilipia, niangalie nini?

Malipo ya mwezi badala ya mwaka, mpaka ujiridhishe. Jaribio la bure likiisha linakata pesa lenyewe, kwa dola, kwa hiyo weka ukumbusho siku mbili kabla. Wengi hutumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa na kuiwekea kiasi kile kile kinachodaiwa. Ni kinga nzuri. Soma dakika ngapi za video unapewa kwa mwezi na kama kusahihisha na kupakia upya kunahesabiwa mara ya pili.

Nimeshaposti ndipo nimeona kosa. Naweza kurekebisha?

Kama ulitumia faili, ni kazi ndogo. Ingia YouTube Studio, fungua manukuu ya video hiyo, badilisha neno au pakia faili jipya. Kiungo, watazamaji na maoni vinabaki. Kama ulichoma, video yenyewe haibadilishiki kwa kiungo kile kile. Utafuta upandishe nyingine, au utaandika sahihisho kwenye maoni na kulibandika juu.

Mimi hupima kwa aina ya kosa. "Awezi" badala ya "hawezi" naliacha lipite. Bei, dozi, tarehe, namba ya simu, na "ana" iliyogeuka "hana", nafuta hata kama video ina watazamaji elfu ishirini. Ndiyo maana mradi wa programu ya kuhariri, SRT na video safi isiyo na maandishi nauhifadhi angalau mwezi mzima baada ya kuposti. Ukivifuta vitatu hivyo ili kupata nafasi kwenye simu au kompyuta, sahihisho la neno moja litakurudisha kurekodi upya.